Bibi Atazungumza na Nani Mchana?

Indiketa ya gari letu ina kelele kuliko za magari yote niliyowahi kupanda. Tiki-tak, tiki-tak, kama mtu anayegonga kikombe kwa kijiko akisubiri aongezewe chai. Nikikumbuka ile wiki tuliyotafuta nyumba Houston, sauti ya kwanza kunijia masikioni ni hiyo. Baba aliiwasha ya kushoto, akasogea pembeni ya barabara, akasimama, kisha akaiacha inalia wala hageuki popote. Mimi na Bibi tulikuwa kiti cha nyuma. Mama alikuwa mbele, mkoba mapajani, anatazama mbele tu.

“Unasikia,” Mama akasema. Hamtaji Baba kwa jina tangu waoane. Kwao mke humwita mumewe hivyo tu, unasikia, na Baba huitika. “Utageuka au tulale hapa?”

Kushoto kulikuwa kwenda Sugar Land, kwenye nyumba ya kwanza tuliyoiona. Tukinyoosha, tunarudi Alief, kwenye ya pili. Na Bibi alikuwa amekwisha kusema lake, ndiyo maana gari lilikuwa limesimama.

Sisi ni Wahindi wa Tabora. Babu yake Baba ndiye aliyetoka Gujarati, na tangu hapo watu wetu wameuza vitenge, mafuta ya taa, sukari na chochote kile ambacho treni ilileta. Nyumbani Kigujarati na Kiswahili vinalala kitanda kimoja. Bibi husali kwa Kigujarati na hugomba kwa Kiswahili. Mimi nilisoma Tabora mpaka kidato cha nne, hesabu ikanishinda, nikakaa dukani na Bibi, na ukiniuliza nitakuambia ile ndiyo shule niliyoipenda. Baadaye Baba alipata njia ya kuja Marekani, tukamfuata wote, Bibi akiwa na kiti cha magurudumu cha uwanja wa ndege ambacho alikipenda mno akataka tuondoke nacho.

Kwanza tulikaa Haltom City, upande wa Fort Worth, katika fleti za ghorofa mbili. Ukuta mmoja na sisi alikaa mama mmoja Mrundi. Alifanya kazi ya zamu ghalani, mimi naye tulifunga vifurushi jengo moja, ila yeye alitoka asubuhi nilipokuwa naingia. Akitoka kazini hakwenda kulala moja kwa moja. Alipita kwa Bibi, akavua viatu mlangoni, akanywa chai ya tangawizi. Siku zake za mapumziko alishinda hapo kabisa. Yeye Mkatoliki, rozari shingoni, Bibi na miungu yake kwenye kabati la jikoni, wala hawakusumbuana. Alijua Bibi hali nyama, basi maharage aliyompikia aliyatenga kabla ya kuwatilia wanawe samaki. Bibi alimwita mwanangu. Walisengenya jengo zima.

Kisha binamu yake Baba akafungua hoteli ndogo kando ya barabara kuu kule Houston, akamtaka Baba akakae mapokezi na kuisimamia. Mama naye angesaidia vyumbani. Mimi ningepata kazi hukohuko, Houston haikosi maghala. Siku tunapakia, yule mama Mrundi alimshika Baba mkono, akamwambia kwa upole, “Baba, huyu bibi msimfungie ndani.” Baba akacheka, akasema hawezi kufungiwa huyu, atavunja mlango. Ila niliona alivyokunja uso alipoingia garini.

Ukiwauliza Wahindi wa Texas mkakae wapi Houston, watakujibu kabla hujamaliza kuuliza. Hekaluni, harusini, kwenye simu, wote Sugar Land. Hekalu liko karibu, duka la unga wa bajra, ule wa uwele, liko karibu, shule nzuri, majirani ni sisi kwa sisi. Mama alishika hilo la mwisho. Alikuwa na hesabu yake juu yangu. Alisema mposaji akiuliza binti anakaa wapi, jibu liwe linatamkika. Bibi akauliza, mimi nina kisukari, mbona mnanipeleka nchi ya sukari? Tukacheka hadi Baba akapitiliza njia ya kutokea.

Nyumba ya Sugar Land niliipenda, sitaficha. Dalali alitufungulia, harufu ya rangi mpya ikatupokea. Juu kulikuwa na chumba kidogo chenye dirisha linalotazama mti wenye maua ya pinki, na mimi palepale nikaweka kitanda, pazia jeupe, cherehani, na mimi mwenyewe nimekaa nashona magauni ya watu maarufu. Nilikuwa nimeshaanza kuwakatalia wateja. Chini Baba alikuwa anazunguka na simu yake kama mtu anayetafuta mtandao. Alikuwa anatafuta mashariki. Wazee wetu wana elimu yao ya nyumba, vastu, inayosema mlango uelekee wapi na jiko likae wapi, na simu ya Baba ina dira. Dalali alimfuata nyuma kwa adabu, hajui kama amsaidie. Mlango ulielekea mashariki kabisa, mstari umenyooka. Baba akatoa tabasamu ambalo sijaliona tangu tupate viza.

Nikamtafuta Bibi. Alikuwa ametoka nje, amekaa kwenye ngazi ya mlangoni, miguu ameinyoosha, mtandio begani. Kwetu Tabora, duka likifungwa saa kumi na moja, wanawake hutoa vigoda nje ya milango yao. Huyu anachagua mchele, yule anasuka bintiye, anayepita husalimiwa, asiyesalimia huzungumzwa. Bibi alikuwa amekaa saa ile ile, mkao ule ule. Nikakaa naye.

Mtaa ulikuwa safi kama sahani. Gari lilikuja, mlango wa banda la gari ukajifungua wenyewe, gari likamezwa, mlango ukashuka. Likaja jingine, hivyo hivyo. Bibi aliwafuata kwa macho mmoja mmoja, akiwa amekwisha kuandaa salamu mdomoni, na kila mara ilibaki mdomoni.

Mwishowe dada mmoja wa Kihindi alipita na kitoto kwenye kigari. Alikuwa na uso mwema. Akamwinamia Bibi, akamsalimu kwa Kihindi, akamwuliza kwao ni wapi. Bibi, ambaye Kihindi chake chote amekipata kwenye sinema, akamjibu, Tabora. Yule dada akafikiri, akauliza Tabora iko jimbo gani. Bibi akamweleza kwamba ukitoka Dar kwa treni unalala njiani. Dada akatabasamu, akasema ni vizuri sana, akaomba radhi, alikuwa anamwahi mtoto mwingine shuleni. Akatupungia mkono wa kwaheri mpaka kona.

“Nyumba zote hizi,” Bibi akaniambia, “na hakuna hata mtu mmoja wa kumsengenya.”

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikaona anayatazama magoti yake.

Kesho yake tulikwenda Alief kununua chakula tu, si kutafuta nyumba. Mtu wa hotelini alikuwa amemwambia Baba huko kuna maduka ya Kiafrika. Mama hakupenda. Alisikia maneno juu ya Alief kutoka kwa watu ambao, nilipowauliza, hawajawahi kufika. Duka lenyewe lilikuwa katikati ya kinyozi na kanisa lililopanga chumba cha duka. Mwenye duka alikuwa mama mnene wa Kikongo, amejifunga kitenge juu ya suruali. Bibi alifungua friza, akatoa kisamvu kilichofungwa kwenye nailoni, akakigeuza kama anayekagua pasipoti.

“Hiki nani alikitwanga?” akauliza kwa Kiswahili, hamwulizi mtu.

Mwenye duka aligeuka taratibu. Alimtazama Bibi, sari, kipini, nywele nyeupe. “Mama, umesema nini?”

“Nimesema hiki kimesagwa kwa mashine. Kisamvu hakisagwi.”

“Sombe ile iko muzuri, mama. Ni ile sisi tunapikaka.”

“Basi mnakula vibaya.”

Wanawake wawili waliokuwa kwenye foleni waligeuka. Mmoja alikuwa nesi wa Kenya, bado yuko na nguo za kazi, akasema, “Shosho amekuja na moto,” akacheka mpaka akashika kaunta. Mwenye duka naye akacheka. Akaleta kiti cha plastiki. Baada ya hapo sikumpata tena Bibi. Walimwuliza alizaliwa wapi, akasema, na hakuna aliyeuliza Tabora ni jimbo gani. Wa Kongo alikuwa na shemeji aliyekaa Kigoma, na treni ya Kigoma lazima ipite Tabora, kwa hiyo mambo yalikuwa mengi. Kila mteja aliyeingia alipitia kwa Bibi kwanza. Tulinunua vitu vyetu, tukavipeleka garini, tukarudi, hajainuka. Mwenye duka alimwambia Baba kwamba mchana duka limelala, mtu wa kukaa naye anatafutwa, na nyuma ya barabara kuna fleti zina nafasi.

Tulikwenda kuiona moja kwa sababu Bibi alisema hapandi gari mpaka tuione. Ilikuwa chini, hakuna ngazi. Vyumba viwili, zulia limechoka, jiko dogo. Baba akatoa simu. Nilimwona anavyoigeuza, anarudi nje, anaingia tena, kama vile dira ingebadili mawazo. Kusini. Kwetu mlango wa kusini ndio mbaya kuliko yote, huko ndiko anakotokea mungu wa mauti, watu hukataa nyumba ya bure kwa sababu hiyo. Mama akasema na wala si kusini tu, tazama lile zulia. Kisha Baba akaonyesha barabara iliyo kati ya fleti na duka. Pana kama uwanja, magari yanakuja kama yamefukuzwa, na hakuna hata mtu mmoja anayetembea kwa miguu. Huku kila mtu ana-drive, alisema, hata anayekwenda kutupa taka. Bibi hawezi ku-drive. Atavukaje?

Hivyo ndivyo tulivyofika pale indiketa inapolia. Dalali wa Sugar Land alitaka jibu kesho yake.

Baba alizungumza akitazama usukani. Alimwambia Bibi kwa Kigujarati, halafu akageuza Kiswahili kama afanyavyo jambo likiwa zito, kwamba hakumleta mama yake ng'ambo ya bahari ili amwingize kwenye mlango wa mauti.

Bibi alivuta mtandio begani. Kisha akasema, “Mwanangu, wewe na mkeo mtakuwa hotelini. Huyu atakuwa ghalani. Huo mlango, nani atakayekuwa anautazama kutwa?”

Bibi akajigusa kifua kwa kidole.

“Ni mimi. Huo wa mashariki ni mzuri, lakini nitautazama mpaka jua lizame na hapiti mtu. Mauti yana hodi nyingi. Hiyo nayo ni moja.”

Tiki-tak, tiki-tak. Mama alifungua mkoba, akaufunga. Baba alimwuliza yeye, na Mama akasema neno ambalo sikulitegemea: mposaji atakayekuja kwa ajili ya anwani na aende kwa anwani. Alilisema kwa hasira, lakini alilisema. Kisha wote wakanigeukia mimi. Nikakifikiria kile chumba cha juu, pazia jeupe, mti wa pinki. Kilikuwa kizuri kweli. Nikasema cherehani inakaa popote penye soketi.

Baba alizima indiketa. Alisema kusini tutaweka picha ya Ganeshi, mungu wetu wa kuondoa vikwazo, juu ya mlango, atazame nje, ashindane na huyo mwingine. Lakini barabara, alisema, barabara haina picha. Kama haivukiki kwa miguu ya mama yangu, sisaini, na jambo hili limekwisha. Atalifikiria usiku, atatujibu asubuhi. Nilimjua, akifikiria usiku ataona magari yanayokuja kama yamefukuzwa na hataona kingine.

Hoteli ya binamu, tulikolala wiki ile, haiko mbali na zile fleti. Jioni hiyo Mama alipokuwa anampaka Bibi mafuta ya magoti, nikasema naenda kununua tangawizi. Nilichukua ndala za Bibi, zile pana, nikazivaa, ili asubuhi Baba apate jibu la barabara kutoka kwangu. Nikatembea mpaka zile fleti, nikasimama mbele ya mlango wa kusini, kisha nikaanza kwenda dukani kama anavyokwenda yeye: mguu wa kulia kwanza, wa kushoto unaburutwa, mapumziko mafupi kwenye nguzo. Njia ya miguu ilikatika mahali pamoja, nikapita kwenye nyasi, ikarudi tena. Mtu mmoja alipunguza mwendo wa gari akaniuliza kama nimeumia. Nikamwambia hapana, asante, natembea tu.

Kwenye taa kulikuwa na kitufe cha wavukao. Nikakibonyeza, nikangoja. Magari yakasimama, ile picha nyeupe ya mtu anayetembea ikawaka kwenye taa, nikashuka. Nilijizuia kukaza mwendo. Katikati taa ilianza kupepesa, miguu ilitaka kukimbia yenyewe, nikaikatalia, kulia, buruta, kulia, buruta. Nilipanda ukingo wa upande wa pili magari bado yamesimama.

Nikaingia dukani nikanunua mfuko wa mchele, kwa sababu Bibi hawezi kutoka dukani mikono mitupu. Kisha nikarudi kwenye taa, mfuko mkononi, nikabonyeza tena.