Kamba ya Mkono wa Nani

Kinyozi huyu watu wa mtaani kwake walimbandika jina la Mkasi, na jina likamkaa barabara, hata mkewe akiwa na hasira alimwita hivyo hivyo. Ajabu ni kwamba mkasi wenyewe alikuwa hajaugusa siku nyingi. Ulilala kwenye droo, chini ya taulo, na mteja akiuulizia alijibiwa kwamba siku hizi mambo ni mashine, mkasi ni wa kizamani. Uongo mtupu. Kidole gumba cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimeanza kumgomea. Kikikubali kukunja hakikubali kubana, na kikibana, kinaachia chenyewe kikijisikia, bila kuomba ruhusa.

Kwa kazi ya kunyoa, mashine ilimsitiri. Lakini Mkasi alikuwa na maisha mengine, na huko hakukuwa na mashine. Kila Jumamosi yeye na mkewe walishusha ziwani mashua yao ndogo ya tanga, ya watu wawili tu, wakashindana na wenzao kuzunguka maboya. Mke alishika usukani. Mume alishika demani, ile kamba inayovuta tanga na kulilegeza, na ndiyo inayoamua kama chombo kitakimbia au kitasinzia. Aliipenda kazi hiyo kupita kiasi, na wala sitii chumvi. Mtu mzima, mwenye wajukuu, siku ya Ijumaa alipiga miluzi tangu anafungua mlango wa saluni, na wateja walijua kwamba siku hiyo kichwa chako kitanyolewa mbiombio.

Mkewe sasa. Mkewe alikuwa mwalimu wa udereva. Kutwa alikaa kiti cha pembeni kwenye gari la mafunzo, lile lenye breki ya pili upande wa mwalimu, akiwatazama watu wengine wakishika usukani, wakipanda ukingo wa barabara, wakiwakosakosa wauza matunda. Mguu wake ulizoea kukanyaga breki hata akiwa sebuleni anaangalia televisheni. Kwa hiyo Jumamosi ilikuwa yake. "Wiki nzima wanaendesha wengine," alikuwa akisema, "ziwani naendesha mimi." Hakuna aliyethubutu kubisha. Klabuni walimwita Nahodha, na mumewe naye alimwita hivyo, nusu kwa utani, nusu kwa woga.

Matata yalianza Jumamosi moja walipokuwa wanaongoza. Upepo ukaja ghafla, kidole kikaachia, demani ikamchomoka mkononi. Tanga likapigapiga hewani kama shuka iliyoanikwa, na vyombo vitatu vikawapita hivi hivi wanaona. Nahodha akageuka.

"Nini tena?"

Mkasi alijibu kwa haraka ya mtu aliyefumaniwa. "Kamba hii imechakaa. Imekuwa ngumu, inateleza, haishikiki."

Ni kweli kamba ilikuwa imechakaa, lakini siku hiyo haikuwa na kosa. Ilisingiziwa tu, maskini. Na alichosahau Mkasi ni kwamba mkewe si mtu wa kuambiwa kitu kimeharibika akanyamaza. Kabla hata hawajaifunga mashua alishaamua. Wanabadilisha kamba zote, za kuvutia na za kupandishia, na kwenye mashindano makubwa ya klabu wanaingia na vitu vipya. Macho yalimng'aa akisema hayo. Mkasi naye akafurahi, maana nani asiyependa kamba mpya, halafu akakumbuka kidole. Hiyo mpya ikimchomoka, atasingizia nini?

Na kulikuwa na mtu anasubiri. Shemeji yake, mdogo wake Nahodha, fundi mwashi mwenye viganja kama koleo, kila wakikutana alimpiga begani na kumwambia, "Shemeji, ukichoka niambie, nitakukalia kiti chako kwa heshima." Alikuwa anatania. Mkasi hakuona cha kuchekesha. Mashua ya watu wawili haina kiti cha mtazamaji, ukitoka umetoka.

Siku ya kwenda dukani alifunga saluni mapema, akavaa shati safi utadhani anakwenda kuposa. Duka la vifaa vya mashua lilikuwa kwenye uchochoro, katikati ya fundi magodoro na gereji ya pikipiki. Ukiingia tu unapokewa na harufu ya kamba mpya na vanishi, na mbele yako ukuta mzima umejaa kamba zilizoviringishwa kwenye magurudumu ya mbao. Nyekundu, buluu, nyeupe yenye madoa meusi, nyingine nyembamba kama mkufu, nyingine nene kama mkono wa mtoto. Mkasi alisahau kidole chake papo hapo. Alizipapasa zote, akazinusa, akazikunja, akazisugua shavuni.

"Umekuja kununua au kuoa?" mkewe akamuuliza.

"Niache kwanza, Nahodha. Niache niione dunia."

Mwenye duka, bwana mmoja mfupi mwenye maneno mengi, alikuwa amelining'iniza gunia la mchanga kwenye kapi lililofungwa juu ya boriti. Kapi ni kile kigurudumu ambacho kamba hupita juu yake. Kila mteja alipewa kamba alivute gunia mwenyewe, maana bwana huyu alikuwa amechoka na watu wanaonunua rangi halafu wanarudi kumlaumu.

Walianza na henza, kamba ya kupandishia tanga mlingotini. Nahodha alikuwa ameipenda nailoni moja nyeupe, laini, inateleza mkononi kama hariri. Mwenye duka akaifunga kwenye gunia, akalipandisha juu, akaikaza kwenye ndoana ya ukutani. "Haya, angalieni gunia." Wakaangalia. Gunia lilikuwa linashuka, taratibu, kama mtu anayesinzia mkutanoni. "Nailoni inanyumbuka," akasema. "Kwa nanga ni nzuri sana, mawimbi yakivuta nayo inavumilia. Ukipandishia tanga, unaanza mashindano limekaza, unafika boya la pili limejaa makunyanzi." Akawapa nyingine nyembamba, ngumu, isiyonyumbuka hata ukiining'inizia ng'ombe. Ilikuwa haipendezi mkononi, lakini henza ukishaivuta unaifunga, basi, hukai nayo mkononi. Wakakubaliana bila ugomvi, na Nahodha akaanza kucheka mwenyewe kwa raha.

Ikaja zamu ya demani. Mkasi alikwenda moja kwa moja kwenye ile nene, ya buluu, yenye manyoya laini kama blanketi. Alilivuta gunia nayo. Likapanda, likakaa. Kidole hakikusema kitu. Moyo ulimruka kwa furaha, akaona kumbe mambo yamekwisha, kumbe dawa ni unene tu.

"Hii hii," akasema. "Pima hii."

"Subiri," mkewe akasema. Akaichovya ncha yake kwenye ndoo ya maji, akainyanyua. Ilikuwa imekunywa maji ikawa nzito kama taulo la kuogea. "Siku ya upepo mdogo, uzito huu unaning'inia kwenye tanga. Halafu angalia kwenye kapi, inasuasua. Nikikwambia legeza, italegea kesho." Akamchagulia nyingine, nyekundu, nyembamba, iliyosukwa ikabana, maji hayaingii. "Jaribu hii."

"Ile ya buluu inanitosha."

"Mkasi. Jaribu."

Akaishika. Akavuta, gunia likapanda, akasimama pale akijifanya anatabasamu. Kwanza kidole kilivumilia. Halafu kikaanza kutetemeka, halafu kikaachia, na kamba ikaanza kuteleza. Hapo Mkasi alifanya jambo ambalo hata mwanafunzi wa siku ya kwanza anakatazwa. Aliizungusha kamba kwenye ngumi yake, mara moja, mara ya pili, akajifunga nayo. Gunia likasimama. Kila anayeshika demani anajua kwamba hilo halifanywi, kwa sababu upepo mkali ukija huwezi kuachia, na chombo kinapinduka na mkono wako ukiwa umenaswa humo humo.

Nahodha alikuja taratibu, akalishusha gunia chini, akaifungua ile kamba kwenye ngumi ya mumewe.

"Tangu lini?"

Mkasi alitaka kusema kitu kuhusu kamba. Aliufungua mdomo kabisa. Lakini alimwangalia mkewe usoni, akaona hakuna tena wa kumdanganya. "Siku nyingi," akasema. "Si kamba. Ile ya zamani haikuwa na kosa lolote. Ni kidole. Hata mkasi sishiki." Akamalizia haraka haraka, kama mtu anayebandua plasta. "Mchukue mdogo wako. Ana mikono. Mashindano yenyewe ni Jumamosi, msinihurumie mkashindwa."

Alisikia uchungu hasa, nisifiche. Alikwenda kusimama karibu na mlango, akijifanya anatazama pikipiki zinavyotengenezwa.

Nyuma yake aliusikia mlio wa kapi. Akageuka kidogo. Mkewe alikuwa ameikamata ile nyekundu, anavuta gunia. Akaliacha lishuke, akavuta tena. Akasema hapana, akaomba iliyoizidi unene kidogo, akavuta nayo, akaichovya majini, akavuta tena mikono ikiwa imelowa. Kila mara aliikunja ngumi yake juu ya kamba na kuangalia kama vidole vinafika kwenye kiganja. Mkasi alitazama hilo kwa muda bila kuelewa. Mtu anayemchagulia fundi mwashi kamba angechagua nene, kwa sababu hiyo ingepotelea kwenye viganja vile.

"Mpimie shemeji nene zaidi," akasema kutoka mlangoni, kwa uungwana uliomgharimu. "Hiyo haitamjaa mkononi."

"Nani kakwambia ni ya shemeji? Ni ya mkono wangu."

"Wako? Na usukani atashika nani?"

"Mpini wa usukani unasukumwa kwa kiganja tu. Hauhitaji kidole gumba." Nahodha alikuwa bado anakunja ngumi, hamtazami. "Na usidhani nafurahi. Kazini naendeshwa, na sasa hata Jumamosi nitaendeshwa. Lakini kuliko nikae humo na mtu mwingine, afadhali niendeshwe na wewe. Bwana, tukatie hii, kabla sijabadili mawazo."

Mkasi alirudi nyumbani na kamba begani, anatembea kama kijana. Njiani alipiga miluzi na haikuwa hata Ijumaa.

Jumamosi ilifika, na upepo ukafika nao, wa kutosha na wa kuzidi. Walipandisha tanga kwa henza mpya, likasimama limenyooka kama kola iliyopigwa pasi. Honi ikalia. Mkasi alishika mpini wa usukani na kugundua kwamba hajui lolote. Alikuwa ameangalia miaka yote, na kuangalia si kushika. Walipofika boya la kwanza alilizunguka mbali mno, akiogopa kuligonga, hata mashua nzima ya wapinzani ikapenya katikati na nafasi ikabaki. Mbele yake mkewe alikanyaga sakafu ya mashua kwa nguvu, dup, dup, akitafuta breki.

"Nahodha, humo hamna breki."

"Najua. Endesha."

Wakaanza kupiga bisho, mara kulia mara kushoto, kwa kuwa huwezi kuufuata upepo unakotoka moja kwa moja. Na hapo ndipo mambo yalipokolea. Mkasi akaanza kuusikia upepo kwenye mpini, kiganjani, jinsi ulivyosukuma na kuachia, na mkono wake uliomwaibisha ukakaa pale umetulia, haubani chochote, unasikiliza tu. "Vuta," alisema, na mkewe akavuta. "Legeza." Kamba ikapita kwenye kapi bila kusuasua. Mashua ikalala ubavu, maji yakawarukia usoni, wakapita chombo kimoja, wakapita na cha pili. Mkasi alicheka kwa sauti mpaka akameza maji ya ziwa.

Walimaliza wa tatu. Nahodha aliiachia demani, tanga likalegea, naye akabaki amempa mgongo. Mkasi alisubiri. Alijua alivyoliharibu boya la kwanza. Kama mkewe angedai usukani wake, asingembishia.

Mkewe aligeuka, akaifungua mikono yote miwili. Viganja vilikuwa vyekundu, na kwenye vidole ngozi ilikuwa imechubuka mstari mzima.

"Hivi ndivyo ulivyokuwa unarudi nyumbani kila Jumamosi?"

"Zamani. Baadaye inaota sugu."

"Na mimi nyuma yako nakupigia kelele."

"Sana tu."

Mkewe aliitumbukiza mikono majini, akauma meno, akakaa hivyo kwa muda akiangalia vyombo vingine vinavyoingia. "Mbona hukuniambia kuhusu hicho kidole?"

"Ungempa shemeji kiti changu."

"Shemeji yako atafute mashua yake." Akaikung'uta mikono, akaipangusa kwenye suruali, akaiokota demani. "Geuza, turudi kule kwenye boya la kwanza. Ulilizunguka vibaya sana, na leo hatutoki humu ziwani mpaka ulizunguke sawasawa."

Kisha akavuta, na Mkasi akageuza.