Zipu Isiyosema

Mama yangu alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la nyumba tuliyopanga Kariakoo. Mwaka nilioingia kidato cha tatu, masikio yake yalianza kumwacha. Mimi nilijua, yeye hataki kusikia habari hiyo. Fundi asiyesikia mteja anataka nini atashona mkono mfupi palipotakiwa mrefu, na mteja hatarudi. Cherehani ile ndiyo iliyotulisha, kwa hiyo nikitoka shule nilikaa karibu naye, roho juu.

Zama zile za foleni za sukari na sabuni, zipu ilikuwa adimu. Watu walichomoa zipu kwenye suruali zilizochakaa, wakamletea zimefungwa kwenye gazeti. Mama hakuzikagua meno kwanza. Aliipandisha zipu na kuishusha karibu na shavu, akiusikiliza mlio wake. "Hii inasema," alikuwa akisema, au, "Hii ina mafua." Siku hizi Kariakoo zipu zinauzwa kwa mafungu, za kila rangi, nami bado naziweka shavuni kabla ya kununua. Wauzaji wananicheka. Wacheke tu, mimi namkumbuka aliyeniachia mazoea hayo.

Neno lenyewe, zipu, lilitugombanisha. Mwalimu wetu wa Kiingereza alitueleza kwamba lilitokana na mlio. Zamani lilikuwa sauti ya kitu kinachopita mbio, kama risasi. Baadaye likawa na maana ya wepesi na nguvu, na kifungo chenye meno kilipokuja, kikapewa jina hilo. Nilimpelekea Mama habari hiyo kwa maringo.

"Kadanganywa huyo," alisema. "Zipu ni ziba. Tundu li wazi, unaliziba. Wametuchukulia neno letu, wakashindwa kulitamka, wakaturudishia limevunjika."

Nikabisha, nikaleta risasi zangu zote.

"Basi na wewe ziba mdomo, uokote vifungo."

Nilimpenda sana kwa ubishi huo. Ila niliona pia kwamba nikisema nimempa kisogo, hajibu.

Alasiri moja akaja mama mmoja kutoka Buguruni na kitambaa cha gauni la bintiye, mwali wa harusi. Alikuwa na zipu nzuri ya shaba, imetoka kwenye jaketi la marehemu mumewe. Mama akaipandisha, akaishusha.

"Haisemi," akasema.

Mimi niliisikia barabara, na mteja pia. Akanitazama.

"Ina nini, fundi? Mbona nzima?"

"Imekufa."

Yule mama akaanza kukunja kitambaa chake taratibu. Nikaona jioni ile Buguruni nzima ikiambiwa kwamba fundi wetu hasikii. Nikamgusa Mama begani, akageuka.

"Mama, inasema."

Alinikazia macho ya hasira. Kisha akaiweka ile zipu nyuma ya sikio, akaivuta polepole, akaivuta tena. Hasira ikamtoka usoni na sikupenda kilichobaki. Akamgeukia mteja.

"Niachie kitambaa, dada. Zipu yako nzima. Nilikuwa na mawazo."

Mteja alipokwenda, Mama alikiweka kitambaa kando. Wapita njia walitusalimia, nikaitikia peke yangu.

"Umejua tangu lini?" akaniuliza.

"Tangu mfungo."

"Ukanyamaza."

"Ningekwambiaje?"

Hakunigombeza. Akasogeza kigoda chake mpaka magoti yetu yakagusana, akaishika zipu katikati yetu.

"Mimi nitavuta. Wewe sikiliza, halafu niambie inasemaje."

Akavuta. Nikamwambia, "Zipu." Alikuwa hatazami mkono wake, ananitazama mdomo.

"Tena."

Akavuta, nami nikalisema tena. Mara hii sikutoa sauti hata kidogo, maana nilitaka kujua kama ananisikia kwa masikio au kwa macho.

Mama akainamisha kichwa, akatunga uzi kwenye sindano.

"Sasa nimesikia," akasema.