Kidole cha Fundi Bomba

Fundi bomba anayehudumia tangi la samaki la mapokezi, kwenye gesti yetu ya Ipogolo, hatumii futi. Hupiga magoti mbele ya kabati lililobeba tangi, akaingiza mkono kwenye tangi dogo la chini ambamo maji hushuka kuchujwa, akapima kwa kidole: mdomo wa bomba linaloshusha maji uzame pingili moja tu. Ukibaki juu, maji yanamwagika kwa kelele. Ukizama sana, hewa inakwama na bomba linakoroma. Kisha hulaza sikio kwenye bomba, amefumba macho. Jana alilikata na kulipachika upya mara nne.

"Fundi, liache tu," nikamwambia. "Wageni wenyewe hawasikii."

Hakugeuka. "Mimi nasikia, dada. Binti yangu Tumpe alikoroma hivihivi siku tatu, kule wodini. Wauguzi wakaniambia amelala."

Akashika msumeno, akapunguza kidogo sana, akalirudisha majini. Likanyamaza. Nilidhani atainuka akusanye vifaa vyake. Akabaki palepale, sikio kwenye bomba, na mkono wake ukaanza kulitikisa taratibu, kama mtu anayemwamsha mtoto.