Mchanga Chini ya Ndoo

Siku moja haitoki kichwani mwangu, mwanangu: siku tajiri Semboja alipoleta pampu kwenye shimo lake, ubavuni mwa nyumba yetu hapa Kariakoo, maji ya bure yakaanza kumwagika mtaani.

Nilikuwa kijana, nauza viatu vya mitumba soko la Mchikichini. Nyumba ilikuwa ya mama yangu, ya chini, ya wapangaji. Semboja alitaka ghorofa lenye maduka mpaka chini ya ardhi. Kariakoo ukichimba kidogo tu unakutana na maji, hilo halihitaji shule, na mimi shule yenyewe sikuimaliza. Basi pampu ikanguruma kutwa, maji yakatupwa mtaroni. Siku hizo bomba zetu zilikuwa zinatoa upepo. Unadhani tulilalamika? Tulileta ndoo.

Pampu ikizimwa, mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kumfuata Lukindo, msimamizi wa ujenzi.

"Baba, leo umetunyima?"

Lukindo anacheka, anawasha. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Tuliyaacha yatulie, ya juu tukafulia, na mchanga uliobaki chini mama alisugulia masufuria. Mchanga wenyewe laini. Masufuria yaling'aa mpaka wapangaji wakaona wivu.

Aliyetukanya alikuwa Mzee Salehe, Mwarabu wa duka la vitambaa mkabala na sisi. Alinisimamisha nimebeba ndoo. Nikampa shikamoo, akaitikia, kisha akazamisha mkono mle ndani mpaka kwenye kiwiko, akatoka na kiganja cha mchanga.

"Huu umetoka wapi, Hamisi?"

"Shimoni kwa Semboja, mzee."

"Wa shimoni ulishabebwa na malori, na kuchimba wameacha. Huu unatoka chini ya nyumba ya mama yako."

Nilicheka. Nilikwenda kuwahadithia wenzangu Mchikichini kwamba mzee anaona kijicho kwa kuwa foleni ya ndoo imemzibia duka.

Nyufa zikaja. Lukindo akatuletea saruji, na sisi tukamshukuru. Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwanangu, mimi niliziba kila ufa niliouona, na ukuta ukaanguka vilevile, maana ugonjwa ulikuwa chini, mimi napaka dawa juu. Hata mkaguzi alikuja, akanywa soda kwa Semboja, akaondoka bila kuinama kutazama yale maji.

Adhuhuri moja mama alikuwa chumbani anaswali. Ukuta wa upande wa shimo ulikaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka, kisha ukamlalia. Nilikimbilia ndani, boriti ikanikuta mlangoni. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi langu lilivunjika kweli, likaungwa kwa vyuma. Mama hakuungika.

Lukindo alikuja kuniona hospitali. Akaniambia, huku anatazama sakafu, kwamba pampu ilipaswa kuzungushiwa kichujio cha kokoto, ivute maji iache udongo, lakini Semboja alikataa kusubiri. Lukindo alijua, mwanangu, na bado akawasha. Ghorofa lipo, limejaa maduka ya simu. Semboja nikikutana naye ananiita ndugu yangu. Simwitikii.

Nawataja hao wawili kwa majina, na mkaguzi yule nawaachia wanaomjua. Lakini tuliobeba ndoo nasi tulikuwemo. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Basi wewe unayeanza vibarua vya ujenzi, nisikilize. Maji ya shimoni yateke kwenye chombo kabla ya kufurahi. Yakija na mchanga, zima pampu, hata tajiri akikufukuza. Kazi utapata nyingine. Dai kichujio. Usivute maji kwa pupa, na kila asubuhi nenda kaangalie kuta za jirani, umbishie hodi umuulize mlango wake unafungika vizuri. Maji machafu yatulize kwenye tangi, tope litolewe, usilisukumie mtaroni. Masika ikija, mitaro iliyoziba huku inawazamisha watu wa bondeni Jangwani ambao hata hujawahi kuwaona. Na jirani akikushukuru kwa maji ya bure, mwambie ukweli yanakotoka. Mama yangu hakuambiwa na mwenye pampu. Aliyesema ni muuza vitambaa, na mimi ndiye niliyeuzuia ujumbe usimfikie.

Mola akupe jengo litakalosimama, na siku ya kulifungua, majirani zako wote wawe hai waje wale pilau.