Mwanamke Aliyefagia Ujia wa Twiga

Kila nikisimulia haya, lazima atokee mtu wa kuniuliza kama siku hiyo nilikuwa nimekula. Nilikuwa nimekula. Nilikula githeri saa saba, nikanywa chai na mwenzangu wa kazi Zainabu, na sikuwa na homa. Niliyoyaona niliyaona kwa macho haya, mchana, nikiwa kazini. Usiponiamini si kitu, lakini nisikilize mpaka mwisho, maana huenda ukakufaa.

Miaka ya themanini nilikuwa mfagiaji katika ghala la kahawa nje kidogo ya mji wa Nyeri. Niliacha shule darasa la sita, baba na mama walipofariki wakifuatana. Mimi ndiye kifungua mimba, na nyuma yangu walikuwa wadogo zangu watatu. Tulikodi chumba Majengo, karibu na msikiti. Ufagio wangu ndio uliowanunulia sare na kuwalaza wakiwa wameshiba. Aliyeugusa ufagio ule aliwagusa wao.

Ghala lilikuwa na rafu zilizopanda mpaka karibu na mabati. Kati ya rafu palikuwa na ujia mwembamba wenye reli, na juu ya reli ilitembea mashine ndefu ya chuma tuliyoiita Twiga. Ulibonyeza namba, naye akaenda mwenyewe, akainua magunia na kuyaweka mahali pake. Alifungwa pale miaka michache baada ya uhuru, na nasikia wageni walikuwa wakiletwa kumtazama. Mimi nilimkuta ameshazeeka. Alikwama, alitetemeka, alipasua magunia, na kahawa ikimwagika kwenye reli hasogei tena. Hapo ndipo mimi na Zainabu tulipoitwa.

Ujia ule haukuwatosha mtu na Twiga pamoja. Kwa hiyo tulikuwa na desturi moja ambayo hata mlevi hakuivunja: anayeingia anachomoa fyuzi kwenye sanduku la ukutani, fyuzi kubwa ya kauri, anaitia mfukoni na kuingia nayo. Bila fyuzi, Twiga ni chuma tu. Mzee Kihara, msimamizi wetu, alikuwa akisema, "Uhai wako uko mfukoni. Usimpe mtu akushikie."

Kisha wakubwa wakaamua kumrudisha Twiga ujanani. Akaja Fundi Otieno kutoka Nairobi na mota mpya, nyaya mpya, na kisanduku chenye taa ndogondogo ambacho, alisema, kingekumbuka kila gunia liko wapi. Sanduku la zamani lilibaki ukutani kwa sababu hakuna aliyekuwa na haraka ya kuling'oa. Twiga mwenyewe akaacha kelele. Zamani alitembea kwa mngurumo uliosikika mpaka barabarani. Sasa aliteleza kama paka.

Ndipo uvumi ukaanza. Mashine mpya haimwagi kahawa ovyo, sasa wafagiaji wawili ni wa nini? Zainabu alinitania, "Mmoja wetu ataenda kulima viazi kwa shangazi yako Endarasha. Na si mimi, mimi hata jembe sijui linashikwa upande gani!" Nilicheka naye, lakini kicheko kiliishia mdomoni.

Siku yenyewe mvua ilinyesha tangu adhuhuri, na ukungu wa mlimani ukashuka mpaka milangoni. Gunia lilikuwa limepasuka mwisho wa ujia, karibu kabisa na pale Twiga aliposimama. Nilichomoa fyuzi, nikaisikia nzito mfukoni mwa aproni, nikaingia na karai langu kwa amani.

Nisilolijua wakati ule ni hili: asubuhi ile Fundi Otieno alikuwa ameunganisha Twiga na waya mpya. Sanduku la zamani halikulisha kitu tena. Alimwambia Mzee Kihara, naye Mzee Kihara alikusudia kutuambia jioni tukikusanyika. Hakuna aliyetuficha. Ila kwetu sote fyuzi ilikuwa fyuzi, kama vile mlango uliofungwa ni mlango uliofungwa. Na wakati huo nikikusanya kahawa, Fundi alikuwa kwenye chumba chake kidogo upande wa pili, akijiandaa kumjaribu Twiga.

Niliinua kichwa, nikamwona mwanamke. Alikuwa katikati ya ujia, kati yangu na mlango, anafagia. Alikuwa miguu mitupu kwenye saruji ile ya baridi, shuka limefungwa bega moja, kichwa kimenyolewa kama walivyonyoa bibi zetu. Ufagio wake ulikuwa wa matawi yenye majani, nao aliushika kwa mkono wa kushoto.

Niambie, wewe ungefikiria nini? Mimi niliwaza jambo moja tu: wameleta mwingine.

"Wee mama! Nani amekuweka hapa?"

Anafagia.

"Huu ujia uko na mwenyewe!"

Akanijibu kwa Kikuyu cha wazee, bila kuniangalia, "Mwenyewe ni nani?"

Nikataja jina langu.

"Hilo ni langu," akasema.

Damu ilinipanda. Kazi yangu, na sasa ati jina pia! Niliwaona wadogo zangu wamekaa kitandani wakiningoja na mikono mitupu. Nikaliacha karai, nikamwendea. Naye akarudi nyuma, akifagia, uso kwangu, mgongo mlangoni. Nikiongeza hatua, naye anaongeza. Hakunipita wala sikumfikia.

"Kama kazi ni yako," akasema, "si uje uichukue?"

"Ngoja nikukamate! Umekosa viatu, umekosa aibu pia?" Hayo ndiyo ninayoweza kusimulia. Mengine niliyomwambia mwanamke yule hayasimuliki.

Amini usiamini, kuna jambo niliona hata katika hasira ile. Ufagio wake haukutimua vumbi. Punje za kahawa alizozifagia zilibaki palepale. Niliona, lakini hasira haina nafasi ya kushangaa.

Akatoka mlangoni. Nami nikaruka nje nimshike shuka.

Upepo wa baridi ukanipiga mgongoni. Nikageuka. Twiga alikuwa amesimama mlangoni mwa ujia, pale nilipotoka, bila sauti yoyote. Chini ya gurudumu lake karai langu, alilolikokota tangu kule mwisho, lilikuwa limelala bapa kama chapati.

Zainabu alikuwa ameketi nje ya ujia na kikombe chake. "We dada, unamtukana nani hivyo?"

"Huyu mama!"

"Mama gani? Umetoka peke yako, unapiga kelele kama kuku ametaga." Kisha akaliona karai. Kikombe kikamponyoka, akaanza kuomba Mungu.

Fundi Otieno alikuja mbio. "Nilipiga filimbi! Mara mbili nilipiga!" Nani angesikia filimbi na mvua ile juu ya mabati? Nikatoa fyuzi mfukoni nikampa. Aliitazama, akakaa juu ya gunia. "Hii haina kazi tangu asubuhi," akasema kwa sauti ndogo. Mzee Kihara alivua kofia. Fundi hakwenda kulala mpaka alipofunga swichi mpya pale mlangoni, yenye kufuli, na kila mmoja wetu akafundishwa kuitumia.

Jumapili nilikwenda Endarasha kwa shangazi, dada ya baba. Alikuwa anamenya viazi, na hakuacha kumenya nilipokuwa nikisimulia.

"Ufagio aliushika na mkono gani?"

"Wa kushoto."

"Alikuwa mkali?"

"Shangazi, kama pilipili."

"Basi huyo ni mama yangu." Alisema hivyo kama mtu anayetaja jirani. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Nilijua nimebeba jina la nyanya, lakini yeye alikufa kabla sijazaliwa, na hakukuwa na picha. "Jina lilikuwa lake kwanza," shangazi akasema. "Wewe amekuazima tu. Na angekuambia kwa upole utoke, ungetoka?"

Nikakumbuka yale matusi, nikaficha uso. Shangazi alicheka mpaka kisu kikaanguka. Kisha, ingawa ni mama wa kanisa, alichota uji kwenye kibuyu tukatoka nje, akaumwaga kidogo chini, na mimi nikamwomba nyanya msamaha kwa sauti. Nilirudi Majengo nikiwa mwepesi. Usiku ule niliwahesabu wadogo zangu wakiwa wamelala, nikajiongeza na mimi.

Wala hatukufukuzwa, mimi wala Zainabu. Hata mashine mpya, gunia likiwa bovu, humwaga kahawa.

Lakini kitu kimoja hakijaniacha. Mtu akitaja jina langu, naacha nilichoshika na kutoka nje kwanza, hata kama ni muuza mboga za sukuma tu anayepita. Majengo wameshazoea kunicheka. Sufuria nyingi zimeniungulia kwa ajili hiyo, na sijutii hata moja.

Nawe uliyenisikiliza, shika haya. Chombo kikifanywa kipya, uliza moto wake wa umeme sasa unatoka wapi, usitegemee kilichokulinda jana. Na ukimkuta mtu usiyemjua anafagia mahali pako, usisimame hapo kumbishia. Mfuate. Mtagombana mkishafika nje.