Hodi Iliyokosa wa Kuitikia

Mpaka leo nikimkumbuka yule mzee wa kituo cha Newala, damu inanichemka. Nikishamaliza kumkasirikia yeye, najikasirikia mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya soko huria, kampuni binafsi zilipoanza kutuletea mtandao huku kusini. Moja iliniajiri Masasi kama fundi. Tulirusha masomo ya hesabu hadi chumba kimoja Newala, walikokaa walimu tisa wasio na cheti, kila mmoja na kompyuta yake. Dada yangu alikuwa mmoja wao. Walikuwa wameshaambiwa: asiyefaulu mtihani, kazi hana.

Njia yetu ilikuwa nyembamba. Kumpelekea kila mmoja nakala yake kungeikaba. Kwa hiyo somo nililituma mara moja tu, kwa anwani ya kundi. Anwani hiyo si ya kompyuta yoyote, ni ya wote waliojiunga. Kule Newala kulikuwa na ruta, kisanduku kinachoelekeza mawasiliano. Kila baada ya muda mfupi ruta inauliza kama bado yupo anayesikiliza. Ikijibiwa, somo linaingia chumbani na waliojiunga wote wanalipata. Isipojibiwa, inalikata.

Mzee, msimamizi wa kituo, nilimweleza kwa lugha ya nyumbani: "Ruta inapiga hodi. Mmoja akiitikia karibu, inatosha, wengine wananyamaza."

Loh, akaelewa kwa namna yake. Kwake yeye hodi inaitikiwa na mwenye nyumba. Watoto hawadakii mkubwa akiwepo. Kompyuta zote tisa za walimu akazizuia zisijibu hodi, zipokee somo tu, akaiacha ya ofisini kwake peke yake ndiyo ijibu. Wiki nzima mambo yakaenda vizuri, nami nikajiona fundi kwelikweli.

Siku ya somo la mwisho, katikati ya maswali magumu, picha ikaganda Newala. Mwalimu huku Masasi anaendelea kufundisha, hana habari. Dada akanipigia simu: "Mdogo wangu, huku kimya." Nikahangaika na nyaya mpaka mwalimu akafuta ubao. Bosi wangu akasema watu wa Newala wamezima, wamekwenda zao mikoroshoni. Nilitamani kumtia kofi.

Kesho yake nikapanda Newala, nikaujua ukweli. Mzee alikuwa amesikia lori la salfa, dawa ya mikorosho, la mfanyabiashara mmoja limefika. Akazima kompyuta yake, akafunga ofisi, akakimbilia foleni. Ruta ikapiga hodi, ikapiga tena, ikakata somo.

Nilimwamkia shikamoo kwanza, ndivyo tulivyolelewa.

"Marahaba, mwanangu. Si ulisema mmoja anatosha?"

"Yeyote kati yao, baba. Siyo wewe tu."

"Wanafunzi wajibu, na mimi nipo?"

"Hukuwepo."

Akainamia bomba lake la kupulizia mikorosho.

Mtihani ulipofika, dada alifeli. Akarudisha ufunguo wa darasa, miaka yake yote ya kufundisha ikaishia hapo. Nilimkuta anamenya muhogo, nikamweleza yote, nikimtukana mzee kila baada ya maneno mawili.

"Tulikuwepo wote tisa," akasema. "Tumekaa, tunasikiliza. Hiyo hodi ilitufikia?"

"Iliwafikia. Mzee alizuia kompyuta zenu zisijibu."

Akachukua muhogo mwingine.

"Na wiki nzima ile, wewe fundi, hukupanda hata siku moja kuja kuangalia."