Mwizi Mwenye Adabu

Nawapenda wezi wa vitabuni, na sioni aibu kusema. Yule wa suti iliyonyooka, anayemwomba radhi mama mwenye nyumba huku akimvua mkufu, nimemshangilia tangu shuleni. Polisi wakimkosa, roho yangu kwatu. Anayeibiwa ni tajiri, atanunua mwingine.

Mwaka jana nikaamua kumwandika wa kwangu. Nikiwa chumbani kwangu Buzuruga, feni imekufa, nilimvalisha suti na glavu katika joto hili la Mwanza, nikamwingiza kwenye jumba la mama mmoja tajiri kando ya ziwa. Nilijiona fundi kweli. Nikapanda meli hadi Nansio kumsomea mama mdogo, ambaye anapenda hadithi kuliko chai.

Mama mdogo ni mjane, na hakujaliwa mtoto. Nilimkuta anaanika dagaa. Nikampa shikamoo yake, nikavuta kigoda, nikaanza kusoma. Mwizi alipoinama na kuyasifia mapishi ya mama wa watu, mama mdogo alicheka sana. Halafu kicheko kikakatika.

"Wa kwangu hakuwa na suti," alisema.

Habari za huyo wa kwake ukoo mzima tunazijua. Mvua ilikuwa inakuja, dagaa wako nje, mwanamume mgeni akipita njiani akaacha safari yake na kuja kuwazoa pamoja naye, bila kuitwa. Alisalimia vizuri, akapokea maji ya kunywa kwa mikono miwili. Kwetu mgeni hahojiwi na njaa yake. Anakula kwanza, na akishakula ugali wako utaanzia wapi kumhoji? Alikaa karibu mwezi. Alichota maji, akaziba mtumbwi ulipovuja, akamwita mama. Jumapili moja mama mdogo alirudi kutoka kanisani akakuta mgeni hayupo, na injini ya mtumbwi aliyoachiwa na marehemu mumewe haipo pia.

Wajomba walimsema mpaka wakachoka. Mgeni njoo mwenyeji apone, walimkejeli, haya umepona? Mtumbwi usio na injini ukauzwa. Kinachoniuma hadi sasa ni kwamba miaka yote hiyo, katika familia yenye midomo mingi kama yetu, sikumsikia hata mmoja akimuuliza jambo lingine zaidi ya injini.

"Sasa huyu wako," akaniuliza, "akishaondoka, mama mwenye nyumba anasemaje?"

Nikapekua karatasi zangu. Mwizi alikuwa kwenye boti, anapepewa na upepo, anawaza jumba linalofuata. Yule mama nilimwacha sebuleni na sikumrudia tena. Nilitaka kujitetea kwamba hadithi za namna hii ndivyo zilivyo, zinamfuata mwizi.

"Hasemi kitu, mama."

Akawageuza dagaa kidogo kwa kiganja.

"Injini angeniomba tu, ningempa," alisema. "Wajomba zako wanataka nimlaani, na mimi nimejaribu, Mungu ananiona. Lakini mtu akiita 'mama' pale mlangoni, hadi leo nakimbilia kufungua kabla sijakumbuka kukasirika."